Viatu vya Chuma

Mwaka 1930, katika jengo namba 420 la Mtaa wa Tano, Kaskazini-Magharibi mwa Washington, karibu kabisa na mahakama za jiji, mwalimu mmoja aliwataka wanafunzi wake wapya wa sheria wamtazame aliyekaa kulia, kisha wamtazame aliyekaa kushoto. Mwakani, akawaambia, wawili kati ya kila watatu hawatakuwapo. Mwalimu huyo aliitwa Charles Hamilton Houston. Mmoja wa waliogeuza shingo alikuwa kijana mrefu wa Baltimore, Thurgood Marshall, aliyekuwa akidamka kila siku kuwahi treni ya kuja mjini, na ambaye mama yake, mwalimu wa watoto wadogo, aliweka rehani pete zake za uchumba na ndoa ili karo ipatikane. Marshall alikisimulia kisa hicho maisha yake yote, hata baada ya kuwa, mwaka 1967, Mweusi wa kwanza kukalia kiti cha jaji katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Hakuwahi kukisimulia kwa kinyongo.

Kisa hiki kinanisumbua kwa sababu sisi tuliosomea Afrika Mashariki tunajiona tunamjua vizuri mwalimu wa namna hiyo. Hapa Maryland, Silver Spring na Hyattsville, kando ya Washington, tukikutana harusini au msibani, mazungumzo ya wazee hayachelewi kufika kwa walimu wetu wa zamani: yule aliyechapa mpaka kanzu ikapasuka, yule aliyesoma majina ya waliofeli mstarini mbele ya shule nzima. Kisha hutolewa hukumu ile ile: bila fimbo yake nisingefika hapa, na watoto wetu wa Marekani wanaharibika kwa sababu hawaguswi. Anayetaka ushahidi anaweza kumleta Houston: mtazameni huyu, alikuwa mkali, na ukali wake ulizaa jaji. Mimi nadhani Houston ni shahidi wa upande mwingine, na ningependa kueleza kwa nini.

Houston alizaliwa katika jiji hili hili la Washington mwaka 1895, akasoma M Street, sekondari ya watoto Weusi. Shule ile ilikuwa zao la jambo la ajabu. Walimu Weusi wa Washington walilipwa kwa viwango sawa na Weupe, jambo ambalo majimbo ya Kusini hayakulifikiria, na vyuo vikuu vikubwa vya nchi havikuwaajiri wasomi Weusi hata wawe na shahada gani. Basi watu waliostahili kuwa maprofesa wakawa wanafundisha vijana wa miaka kumi na minne. Anna Julia Cooper, aliyezaliwa utumwani mwaka 1858, alikuwa mkuu wa shule hiyo kuanzia 1902 hadi alipoondolewa 1906, baada ya mgogoro mchungu na wakubwa wake. Aliwaandaa wanafunzi kwa vyuo vikuu bora wakati wengi waliona mtoto Mweusi anatosha kufundishwa useremala na kupika. Alikuja kupata udaktari wake Sorbonne mwaka 1925, akiwa na miaka 66. Carter G. Woodson, mwanahistoria mwenye udaktari wa Harvard, naye alifundisha pale. Ubaya wa nchi ulikuwa umewarundika walimu bora mahali pamoja, na watoto wa mahali hapo wakafaidi. Sioni cha kuushukuru ubaya huo. Cooper angestahili chuo kikuu tangu ujana wake, na watoto wale wangestahili walimu kama yeye bila yeye kufungiwa milango.

Houston alitoka hapo mwaka 1911, akasoma Amherst, kisha akaenda Vita Kuu ya Kwanza akiwa ofisa katika jeshi lililowatenga Weusi. Alichokiona jeshini, askari Weusi wakishtakiwa bila mtu wa kuwatetea kwa moyo, kilimfanya aape kusoma sheria. Harvard ilimpa alichotaka. Mwaka 1929 akakabidhiwa uongozi wa Shule ya Sheria ya Howard, ambayo hadi hapo ilikuwa ya masomo ya jioni. Wanafunzi wengi walikuwa makarani, wahudumu na watumishi wa serikali waliofanya kazi mchana na kufungua vitabu usiku.

Houston aliyafunga masomo ya jioni. Shule ikawa ya kutwa, sifa za kujiunga zikapandishwa, na mwaka 1931 ikapata ithibati ya Chama cha Wanasheria wa Marekani. Katika kumsifu tusiipite hatua hii kwa haraka. Karani wa miaka thelathini na mitano, mwenye watoto, hakuweza kuacha mshahara ili akasome mchana. Alifungiwa mlango, na historia haikumwandikia jina. Nafikiri Houston alijua hivyo na akafanya hivyo hivyo, kwa hesabu kwamba nchi yenye mamilioni ya Weusi na mawakili wachache mno wa kuwatetea ilihitaji kwanza kikosi kidogo kisichoweza kudharauliwa mahakamani. Inawezekana alikuwa sahihi. Lakini gharama ililipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Waliobaki walimpa jina: Viatu vya Chuma. Aliwaambia kwamba daktari akikosea makosa yake huzikwa, ila wakili hukosea mbele ya jaji na kila kosa huandikwa. Aliwapeleka mahakamani wakasikilize, vituo vya polisi na magereza wakaone. Hakupokea insha yenye kasoro kwa kisingizio kwamba mwandishi wake hakulala. Hapa ndipo ninapoona tofauti na mwalimu yule wa simulizi zetu. Ukali wa Houston ulikuwa na anwani. Ulimwelekea jaji Mweupe wa Virginia au Mississippi, aliyekuwa akimsubiri wakili Mweusi ateleze hata katika nukta ili amfukuze. Mwanafunzi aliyechanwa kazi yake alijua inachanwa kwa ajili ya siku gani. Na alijua pia kwamba mwalimu alijifanyia ukali zaidi ya ule.

Ushahidi ulikuja haraka. Marshall alihitimu 1933 akiwa wa kwanza darasani. Chuo Kikuu cha Maryland, cha jimbo lake mwenyewe, kilikuwa hakipokei Weusi katika shule yake ya sheria. Mwaka 1935 Marshall alirudi mlangoni pa chuo hicho kwa njia ya mahakama, akimtetea kijana aitwaye Donald Gaines Murray, na aliyeketi naye meza moja alikuwa Houston. Walishinda, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya Maryland ikauthibitisha ushindi. Miaka miwili tu baada ya kuhitimu, mwanafunzi alikuwa mwenzake mwalimu. Walisafiri pamoja Kusini kwa gari, wakiandika hati za kesi njiani, wakilala kwa wenyeji kwa kuwa hoteli hazikuwapokea. Swali ninalopenda kumuuliza mtu anayemsifu mwalimu wake mkali ni hili: alikutaka uwe mwenzake, au alikutaka uendelee kumwogopa?

Mafunzo yale yalifika mbali kuliko Houston alivyoweza kufikiri. Januari 1960 Marshall alitua Kenya kwa mwaliko wa Tom Mboya, awashauri wajumbe wa Kiafrika waliokuwa wakijiandaa kwa mkutano wa katiba Lancaster House, London. Alisimulia baadaye kwamba huko Kiambu polisi wa mkoloni walimkatalia kuhutubia umati. Akaomba ruhusa ya kuwaambia watu neno moja tu. Alipopewa, akapanda juu ya gari akapaza sauti: Uhuru! Umati ukalipuka. Ni kisa cha kufurahisha, lakini kazi aliyoifanya London ndiyo inayonivutia zaidi. Aliandika rasimu ya haki za binadamu, akichota kutoka Nigeria, kutoka nchi nyingine zilizokuwa zikitoka mikononi mwa Waingereza na kutoka Tamko la Umoja wa Mataifa la 1948. Ndani yake aliweka ulinzi wa mali, ambao maana yake ilikuwa ulinzi wa walowezi.

Wakenya wengi wana neno la kusema juu ya ulinzi huo, na wanayo haki: ardhi iliyolindwa ilikuwa imenyang'anywa. Mimi pia nasita hapo. Lakini ninamwona mtu aliyefundishwa katika Mtaa wa Tano kwamba sheria isiyomlinda mchache haimlindi yeyote, akikataa kuibadilisha kanuni hiyo kwa sababu mara hii mchache ndiye mlowezi. Aliporudi Kenya mwaka 1963 alihangaishwa na jinsi wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia walivyokuwa wakitendewa, na alilisema jambo hilo mbele ya wenyeji wake. Mwanafunzi wa Houston asingenyamaza ili apendwe.

Niseme pia, kwa kuwa wengi hawalijui, kwamba njia ya kati ya Howard na kwetu haikuwa ya upande mmoja. Ralph Bunche, aliyeanzisha idara ya sayansi ya siasa Howard na baadaye akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1950, alikuwa London mwaka 1937 akijifunza Kiswahili kabla ya safari yake ya utafiti Kenya. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa Jomo Kenyatta. Profesa wa Washington alikaa kitako akasahihishwa ngeli na Mgikuyu asiye na nchi huru. Ninaupenda unyenyekevu huo kuliko hotuba nyingi.

Sasa nije kwa Murray mwingine, mwanamke aitwaye Pauli Murray, ambaye bila yeye sifa za Howard zinakuwa nusu ya habari. Aliingia shule ile ile ya sheria mwaka 1941, Houston akiwa ameshaondoka kwenda kuongoza kesi za NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Siku ya kwanza profesa mmoja alitamka darasani kwamba hajui wanawake wanakuja kutafuta nini katika shule ya sheria. Wanaume wakacheka. Murray, aliyekuwa amekuja kupigana na ubaguzi wa rangi kati ya watu wake mwenyewe, aligundua kwamba ameingia katika ubaguzi mwingine ambao watu hao hawakuuona kabisa. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba baada ya siku ile aliazimia kuwa wa kwanza. Mwaka 1944 akawa wa kwanza. Desturi ilikuwa mhitimu bora wa Howard apate nafasi ya kuendelea Harvard. Harvard ikamjibu kwamba haipokei jinsia yake.

Hapa ndipo wapenzi wa fimbo wanaponishika mkono na kusema: unaona? Yule profesa ndiye aliyemjenga. Bila kejeli ile asingeazimia.

Siwezi kulikubali hilo. Murray aliijibu kejeli kwa nguvu alizokuja nazo mwenyewe. Aliyefanya kazi alikuwa yeye. Profesa alifanya mzaha tu. Kumpa profesa sifa ya ushindi huo ni kumwibia Murray mara ya pili. Na hatuwezi kuwahesabu wasichana waliosikia habari za mizaha kama hiyo wakaamua wasijaribu kabisa. Wao hawapo kwenye karamu zetu kusimulia jinsi walivyojengwa. Kila anayesema fimbo ilimfikisha anazungumza kutoka upande wa waliofika. Houston aliwaambia wanafunzi wake kwamba wengi hawatamaliza, lakini aliwaambia wote sawasawa, na mizani aliyowapimia ilikuwa kazi yao. Profesa wa 1941 alikuwa amekwisha kupima kabla Murray hajaandika neno.

Kuna jambo jingine gumu zaidi, na hili linamgusa Houston mwenyewe. Mkakati aliowafundisha wanafunzi wake ulikuwa wa hatua kwa hatua: usiushambulie utengano moja kwa moja, ushitaki uwe sawa kweli kweli, shule kwa shule, mshahara kwa mshahara, mpaka usawa wa kutengana uwe ghali usiobebeka. Ulikuwa mkakati wa busara. Ulifanya kazi hata hapa Maryland: kwa kesi aliyoifungua Marshall, walimu Weusi wa Kaunti ya Montgomery walifikia mwaka 1937 makubaliano ya kusawazishiwa mishahara na wenzao Weupe. Lakini kufikia 1944 busara hiyo ilikuwa imegeuka desturi. Murray alipoandika insha ya semina akisema wakati umefika wa kuugonga utengano wenyewe kwa Marekebisho ya 13 na ya 14 ya Katiba, wenzake walimcheka tena. Akawekeana dau la dola kumi na profesa wake kijana, Spottswood Robinson, kwamba hukumu ya 1896 iliyohalalisha utengano itaangushwa ndani ya miaka 25. Hata mwalimu bora, kumbe, huwaachia wanafunzi wake ukuta. Anawafundisha njia vizuri mno hadi hawaoni nyingine, na anayeiona huonekana hajaelewa somo.

Murray na wenzake walikuwa pia wameanza kukalia viti vya mikahawa ya Weupe mjini hapa, Little Palace mwaka 1943 na Thompson mwaka 1944, zaidi ya miaka kumi na mitano kabla ya migomo maarufu ya namna hiyo ya Greensboro. Uongozi wa chuo, ukihofia fedha za serikali kuu, uliwaamuru waache. Vijana walitii kwa uchungu. Mlango wa Thompson ulikuja kufunguliwa kwa hukumu ya Mahakama ya Juu mwaka 1953, kesi iliyosukumwa na Mary Church Terrell akiwa na miaka 89. Ujanani alikuwa mwalimu wa M Street.

Nirudi kwetu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, ingawa marufuku haikufika madarasa yote. Tanzania bado inavikubali kwa kanuni zinazotaja idadi ya fimbo na nani azichape. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamtia mwalimu hatiani kwa mauaji. Tulishtuka nchi nzima. Kisha tukaendelea kuambiana kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nawaomba wazee wenzangu wa Maryland, ninaowaheshimu, wafikirie wanapokisimulia kiboko kama baraka: mtoto anayewasikiliza anajifunza kwamba mwenye mamlaka akimdhalilisha, siku moja atadaiwa shukrani.

Haya hayana maana kwamba ulaini unaponya. Jiji hili limetuonyesha sura yake pia. Mwaka 2017 Shule ya Sekondari ya Ballou, kusini-mashariki ya mbali, ilisifiwa nchi nzima kwa kuwa kila mhitimu wake alikuwa amepokelewa chuoni. Novemba waandishi wa habari wakafichua kwamba nusu ya wahitimu hao walikuwa wamekosa zaidi ya miezi mitatu ya masomo, na walimu wakaeleza jinsi walivyobanwa wawapitishe. Uchunguzi uliotolewa Januari 2018 ulikuta kwamba takriban mhitimu mmoja kati ya watatu wa shule za umma za jiji hakutimiza masharti. Wengi wa watoto wa Ballou ni Weusi na wa familia maskini. Walipewa cheti kwa upole, na ndani ya upole huo mlikuwa na imani ile ile ya profesa wa 1941, kwamba hakuna cha kutarajia kwao. Houston angeuona mara moja, kwa sababu alizaliwa kuupinga.

Alikufa tarehe 22 Aprili 1950 kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 54. Mwanawe wa pekee alikuwa bado mtoto mdogo. Katika kitabu kimoja aliacha maandishi akiomba mtoto aambiwe kwamba baba yake hakumkimbia, ila alianguka akipigana ili yeye apate nafasi pana zaidi. Ukali ule aliojifanyia ulikuwa na wa kuulipia nyumbani, na sijui kama mtoto wa umri huo anaweza kufarijiwa na sentensi.

Miaka yake ya mwisho alikuwa akiwatetea bila malipo wazazi wa upande wa maskini wa Washington, wakiongozwa na kinyozi, Gardner Bishop. Watoto wao walirundikwa Browne, shule iliyojaa kupita kiasi. Wazazi hao walikuwa wamegoma kuwapeleka watoto shuleni tangu Desemba 1947, na wasomi Weusi wa jiji hawakupenda kuonekana nao. Houston alikubali kuonekana nao. Ugonjwa ulipomlaza alimwambia Bishop aende kwa James Nabrit, mwalimu wa Howard aliyeanzisha mwaka 1938 somo la sheria ya haki za raia, la kwanza katika shule yoyote ya sheria Marekani. Kesi za Houston kwa wazazi hao zilikuwa za kudai usawa wa majengo na vitabu. Nabrit aliwakubali kwa sharti kwamba hataomba jengo wala dawati: atashitaki utengano wenyewe. Kinyozi na wenzake wakakubali. Kesi hiyo, Bolling dhidi ya Sharpe, iliamuliwa tarehe 17 Mei 1954, siku moja na kesi ya Brown ya kupinga utengano shuleni, aliyoisimamia Marshall, na zote mbili zilishinda. Robinson alikuwa katika kikosi cha Brown, na walipokuwa wakijiandaa alikuwa ameitafuta insha ile ya Murray ya 1944 akaisoma upya. Ilimchukua miaka kadhaa zaidi kumwambia aliyeiandika.